KUTAYARISHA BOTI ZIENDAZO KASI BAADA YA MASIKA

Maelezo kwa watumishi wa Serikali na wananchi

Mvua za masika zinapomalizika na upepo wa kusi kushika, boti nyingi zilizokuwa zimepandishwa pwani hurejeshwa baharini. Kuanzia mwezi wa Juni wageni huwasili Unguja kwa wingi, safari za Changuu, Chumbe na Mnemba huongezeka, na idara za Serikali zenye shughuli katika visiwa vidogo nazo huhitaji vyombo vyao. Katika haraka hiyo, swali linaloulizwa mara nyingi ni moja tu: “Mashine inawaka?” Makala haya yanaeleza kwa nini swali hilo halitoshi, na mambo gani yakaguliwe kabla boti iendayo kasi haijapakia abiria wa kwanza.

Wazee wetu hawakuwa wageni wa jambo hili. Jahazi lililopandishwa lilikalafatiwa, likapakwa sifa mbaoni na deheni chini, ndipo likashushwa kungojea msimu. Boti ya faiba haihitaji kalafati, na kwa sababu hiyo wengi wamedhani kwamba haihitaji chochote. Ukweli ni kuwa chombo kilicholala hakipumziki. Chumvi huendelea kula chuma, mipira hukakamaa, petroli huharibika na maji ya mvua hujikusanya ngamani.

Yafaa pia ieleweke kwamba kasi hukuza kila kasoro. Boti inayokwenda maili 30 za baharini kwa saa hupita zaidi ya mita 15 katika kila sekunde moja. Gogo linaloelea mita 90 mbele yake hufikiwa kwa muda wa sekunde sita. Mwendo ukizidishwa mara mbili, nguvu ya mgongano huwa mara nne. Usukani mzito, ambao katika ngalawa ni usumbufu tu, katika boti ya aina hii unaweza kuwatupa watu baharini.

1. Mwili wa boti

Boti ikaguliwe ikiwa nchi kavu, imeoshwa kwa maji baridi na kukauka. Nyufa zitazamwe zaidi katika omo na mkuku, mahali panapopigwa na mawimbi, na katika shetri, mahali mashine inapofungwa. Shetri igongwe kwa mpini wa nyundo: sauti kavu ni dalili njema, sauti ya kufifia huashiria kuwa maji yameingia ndani ya faiba na ubao umeoza. Boti yenye shetri ya namna hiyo isiende baharini hata kama mashine yake ni mpya.

Ngama isafishwe na pampu yake ijaribiwe kwa maji halisi. Lita 200 za maji ya bahari zina uzito wa zaidi ya kilo 200, sawa na watu wazima watatu. Na boti inapoinua omo ili kushika mwendo, uzito huo wote hukimbilia shetrini. Mwisho nguruzi itazamwe: mpira wake uwe mzima, na iwepo ya akiba. Si chombo kimoja kilichoshushwa majini huku nguruzi yake imesahauliwa juu ya benchi la fundi.

2. Mafuta

Petroli iliyokaa katika tangi tangu kabla ya mvua isitumiwe. Baada ya miezi kadhaa petroli hupoteza nguvu ya kuwaka na kuacha utando unaoziba njia za mafuta. Tangi lisilojaa pia hufanya jasho ndani, na kwa kuwa maji ni mazito kuliko petroli, hukaa chini kabisa, pale hasa mrija unaponyonya. Mashine ya namna hiyo huwaka vizuri bandarini, kisha huzima mara wimbi litakapotikisa tangi. Tangi lisafishwe, filta ibadilishwe, na mipira ya mafuta iliyopasuka au kulainika itupwe.

Mashine ya kupachika inayochanganyiwa oili katika petroli ifuatwe kitabu chake. Nyingi huhitaji lita moja ya oili kwa lita 50 za petroli. Oili ikipungua, mashine hukwama. Ikizidi, plagi huchafuka. Mashine yenye oili yake pekee haichanganyiwi kitu.

Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, nao hutua ngamani. Kwa hiyo matangi ya kubeba yajazwe yakiwa nchi kavu, na mashine isiwashwe hata kidogo maadamu harufu ya petroli ingalipo ndani ya boti.

3. Mashine

Ndani ya pampu ya maji mna kizungusho cha mpira, ambacho hupandisha maji ya bahari ili kuipoza mashine. Kikikaa miezi bila kuzunguka, mabawa yake hupinda na kukakamaa. Kukibadilisha kabla ya msimu ni gharama ndogo ikilinganishwa na mashine iliyoungua. Mashine isiwashwe ikiwa kavu, hata kwa nukta chache, kwani mpira huo hupozwa na kulainishwa na maji yenyewe.

Oili ya gia ifunguliwe na kutazamwe rangi yake. Ikiwa nyeupe mfano wa maziwa, maji yameingia, na kizuizi cha maji kibadilishwe kabla ya kujaza oili mpya. Oili hiyo hujazwa kutoka tundu la chini mpaka itokee tundu la juu, ili hewa isibaki ndani.

Propela ivuliwe. Mara nyingi nyuma yake hukutwa mshipi wa wavuvi umejizungusha na kukata kizuizi cha maji. Bawa lililopinda linyooshwe au propela ibadilishwe, kwa kuwa mtetemo wake huharibu gia. Vipande vya zinki, vilivyowekwa ili chumvi ivile badala ya kuila mashine, vibadilishwe vinapofikia nusu, wala visipakwe rangi.

4. Umeme

Betri nzima ya volti 12, ikiwa imejaa na kupumzishwa, hupima karibu volti 12.6. Betri inayokataa kufikia kipimo hicho baada ya kuchajiwa isitegemewe. Vichwa vyake visuguliwe na kupakwa grisi, na betri yenyewe ifungwe imara isiweze kuruka. Taa zote, honi na redio zijaribiwe.

5. Usukani na kamba ya kuzimia mashine

Usukani uzungushwe kutoka mwisho wa kushoto hadi mwisho wa kulia. Ukiwa mzito au ukigota, waya wake umeliwa na chumvi na ubadilishwe. Kuupaka grisi kwa nje hakuponyi kutu iliyo ndani.

Kamba ya kuzimia mashine, ambayo nahodha hujifunga mguuni au mkononi, ndiyo kifaa kinachodharauliwa kuliko vyote. Tarehe 5 Mei 2013, karibu na Padstow nchini Uingereza, watu sita wa familia moja walirushwa kutoka katika boti ya kasi iliyokuwa ikikata kona. Mashine haikuzima, na boti iliendelea kuzunguka mahali walipokuwa wakielea. Wawili walifariki, mmoja wao mtoto wa miaka minane. Uchunguzi ulibainisha kuwa kamba hiyo haikuwa imefungwa kwa mwendeshaji. Kabla ya msimu, kamba ijaribiwe kwa kuivuta mashine ikiwa inanguruma. Isipozima papo hapo, boti haiko tayari.

6. Vifaa vya kuokolea

Kila abiria awe na jaketi lake la kujiokolea, na watoto wawe na ya kimo chao, kwani jaketi la mtu mzima humchopoka mtoto. Mishono, vifungo na filimbi zikaguliwe. Mshale wa chupa ya kuzimia moto uwe katika sehemu ya kijani. Fataki za kuomba msaada zisiwe zimepita tarehe iliyoandikwa. Nanga iwe na kamba ya kutosha, na pawepo makasia na chombo cha kukumbia maji. Redio ya baharini isikilizwe katika chaneli ya 16, ambayo ni ya dharura. Simu ya mkononi iwe ni nyongeza, si badala yake.

7. Safari ya majaribio

Boti ijaribiwe kwanza bila abiria, na watu wawili wenye ujuzi, mahali palipokingwa na upepo. Maji ya kupoza yatoke kwa nguvu mara tu mashine inapowaka. Gia ya mbele na ya nyuma zijaribiwe, kisha mwendo uongezwe kidogo kidogo hadi kasi kamili. Mashine ambayo haifikii mizunguko iliyoandikwa katika kitabu chake ina mzigo mkubwa au propela isiyoifaa. Baada ya kurudi, ngama ifunguliwe tena: maji ambayo hayakuwemo asubuhi yana mahali yalipopitia.

Wajibu wa kila mmoja

Ukaguzi huu hauchukui nafasi ya ule wa Mamlaka ya Usafiri Baharini Zanzibar, iliyoanzishwa mwaka 2009. Bali humwezesha mwenye chombo kuufikia akiwa tayari. Inafaa mambo yaliyotajwa hapo juu yaandikwe katika orodha, na aliyekagua kila jambo aweke jina na tarehe. Jambo lililokuwa la watu wote, mara nyingi hakuna aliyelifanya.

Kwa watumishi wa Serikali lipo neno la ziada. Nahodha wa boti ya idara anaposema kuwa chombo hakijakamilika, asiharakishwe kwa sababu ya mkutano wala ya ugeni. Mkubwa anayemwamuru aondoke amejitwalia dhamana ya roho za waliomo. Wananchi nao wana haki ya kuuliza jaketi liko wapi kabla ya kupanda, na wakikosa jawabu, kubaki pwani.

Bahari ya kusi tunaijua, na huzuni zake tunazikumbuka. Mwezi wa Septemba 2011 tulizika waliokuwa ndani ya MV Spice Islander I, na mwezi wa Julai 2012 waliokuwa ndani ya MV Skagit. Zile zilikuwa meli kubwa, na sababu za kuzama kwake si za boti ndogo. Lakini maji ni yale yale. Boti isiyokamilika na ibaki nchi kavu. Safari iliyoahirishwa leo huweza kufanywa kesho.