Uvimbe Shingoni? Vua Skafu, Nenda Kapime

Rafiki yangu mmoja alianza kuvaa skafu mwezi wa kwanza, Dar es Salaam, na joto lile unalolijua. Sisi tukadhani fasheni. Kumbe siku moja alikuwa anajaribu mkufu mbele ya kioo, akaona kitu kinapanda na kushuka shingoni kila akimeza mate. Hakumwambia mtu. Usiku anageukia ukutani ili mumewe asije akamgusa shingo. Mume naye akaanza kujiuliza, hivi huyu ana mtu mwingine? Miezi mitatu ndani ya nyumba hakuna raha, kisa anaogopa kipimo ambacho kwa kawaida hakizidi nusu saa.

Kama nawe unajificha hivyo, soma kwanza.

Tezi yenyewe ni ipi?
Inaitwa thairoidi. Ina umbo la kipepeo na imekaa mbele ya shingo, chini kidogo ya koromeo. Homoni zake zinagusa mapigo ya moyo, joto la mwili, uzito, hata siku zako za mwezi. Ikivimba ndiyo watu wanasema goita, au rovu. Na vinundu vya tezi hii vinatupata zaidi sisi wanawake kuliko wanaume.

Siku ya altrasaundi
Huhitaji kushinda na njaa wala kubana mkojo. Vaa blauzi yenye shingo pana, mkufu uache nyumbani. Utalala chali, mto chini ya mabega, kichwa kimelegea nyuma. Utapakwa jeli shingoni, mara nyingi ya baridi, usishtuke. Kisha mpimaji atapitisha kifaa kidogo juu ya ngozi. Kinatoa mawimbi ya sauti ambayo sikio haliyasikii. Yakigonga tezi yanarudi, na picha inatokea kwenye skrini. Hakuna mionzi, ndiyo maana hata mjamzito anapimwa. Atakandamiza kidogo, lakini ukiona shingo imechoka, sema. Baada ya hapo unafuta jeli na kurudi kazini.

Mpimaji akinyamaza, usianze kumsoma uso! Anapima na kuandika. Mara nyingi majibu utayapata kwa daktari aliyekutuma.

Picha inasema nini?
Inaonyesha ukubwa wa tezi, idadi ya vinundu, kama ndani yake kuna maji au nyama, na kingo zake zikoje. Habari njema ni kwamba takriban vinundu 9 kati ya 10 si saratani. Lakini picha haisemi kama tezi inatoa homoni nyingi mno au kidogo. Hilo linajulikana kwa kupima damu. Wala picha peke yake haithibitishi saratani. Kinundu kikitiliwa shaka, daktari huvuta chembechembe kwa sindano nyembamba zikapimwe maabara. Ukiambiwa hivyo, bado hujahukumiwa.

Muulize daktari:
- Kinundu changu kina ukubwa gani, na kina maji au nyama?
- Nahitaji kipimo cha damu au cha sindano?
- Nirudi lini kupima tena?

Usisubiri hata wiki kama uvimbe unakua haraka, sauti imekwaruza na hairudi, au unapata shida kumeza au kupumua.

Na mwenzako je?
Mwambie. Rafiki yangu alipovua skafu hatimaye, mumewe alinyamaza kwanza, halafu akauliza, "Kumbe ni hiki tu? Twende lini?" Aliomba ruhusa kazini, wakakaa wote kwenye benchi la hospitali. Kilikuwa kinundu cha maji. Akaambiwa arudi baada ya muda kikaangaliwe tena.

Siku hizi skafu anavaa akienda harusini tu.