Miezi 18 na Siku Moja: Tozo ya Afya ya Uingereza Inavyohesabiwa Mbale na Jinja

Kwa serikali ya Uingereza, miezi 18 na siku moja ni miaka miwili. Siku hiyo moja inamgharimu mwanafunzi pauni 388. Tukichukua pauni moja kuwa shilingi 4,800 za Uganda, hizo ni zaidi ya shilingi milioni 1.8. Anayejaza maombi ya viza mtandaoni akiwa Mbale au Jinja hukutana na hesabu hii karibu na mwisho wa fomu, baada ya maswali marefu kuhusu wazazi, safari na akaunti za benki. Wengi huona jumla tu. Namna ilivyopatikana hawaelezwi.

Inaitwa tozo ya afya ya uhamiaji. Ilianza tarehe 6 Aprili 2015, chini ya Sheria ya Uhamiaji ya mwaka 2014, kwa pauni 200 kwa mwaka, na 150 kwa wanafunzi. Januari 2019 ikafika 400. Oktoba 2020 ikapanda hadi 624. Tangu tarehe 6 Februari 2024 ni pauni 1,035 kwa kila mwaka wa viza, na 776 kwa wanafunzi, wategemezi wao na watoto wa chini ya miaka 18. Ndani ya miaka tisa isiyotimia, tozo imezidi mara tano. Nayo hailipwi mwaka kwa mwaka. Hudaiwa yote kwa mkupuo siku ya kutuma maombi, juu ya ada ya viza yenyewe, kabla afisa hajasoma hata ukurasa mmoja.

Kanuni ya kuihesabu ni fupi, na ndiyo inayowaponyoka watu. Kila mwaka kamili wa viza hulipiwa bei ya mwaka. Kipande kinachobaki kikiwa miezi sita au pungufu, hulipiwa nusu mwaka. Kikizidi miezi sita, hata kwa siku moja, hulipiwa mwaka mzima. Kinachohesabiwa ni muda wa viza, wala si muda wa masomo au wa mkataba wa kazi.

Hapo ndipo penye utata kwa wanafunzi. Tuchukue msichana wa Mbale aliyepata nafasi ya shahada ya uzamili ya miezi 12 kamili. Barua ya chuo inasema mwaka mmoja, na nyumbani wanaweka akiba ya tozo ya mwaka mmoja, pauni 776. Lakini viza ya mwanafunzi wa kozi ya miezi 12 au zaidi huongezewa mwezi mmoja kabla ya masomo na miezi minne baada yake. Jumla ni miezi 17, yaani mwaka na nusu: pauni 1,164. Kozi ikiwa ya miezi 13, viza hufika miezi 18, na bado analipa mwaka na nusu. Tarehe ya mwisho ya kozi ikisogea mbele kidogo tu, anadaiwa miaka miwili, pauni 1,552. Kwa hiyo tarehe za kuanza na kumaliza zilizoandikwa na chuo zina thamani ya fedha. Anayezisoma mapema anajua kiasi cha kutafuta. Anayezisoma siku ya kulipa huanza kupigia ndugu simu usiku.

Masomo yakiisha, hesabu inaanza upya. Mhitimu akitaka kubaki Uingereza kwa viza ya wahitimu ya miaka miwili, hahesabiwi tena kama mwanafunzi. Analipa bei ya mtu mzima, pauni 2,070 za tozo, na ada ya maombi ambayo Aprili 2025 ilipandishwa hadi pauni 880. Karibu pauni 3,000, zinazodaiwa wakati ambapo hana ajira ya kudumu na mkopo wa karo bado unamngoja nyumbani.

Jinja ina hadithi yake ndefu zaidi na Uingereza. Mwaka 1972, Idi Amin alipowapa Waasia siku 90 za kuondoka, mji huu wa viwanda na maduka ya Wahindi ulipoteza familia nyingi, na watu zaidi ya 27,000 kutoka Uganda walipokelewa Uingereza, wengi wakaweka makao Leicester. Wakati huo hakukuwa na tozo ya afya. NHS, yaani huduma ya taifa ya afya iliyoanzishwa mwaka 1948, iliwapokea kama wakazi wengine. Leo bwana au bibi arusi anayetoka Jinja kumfuata mwenzake Leicester anapewa kwanza viza ya miezi 33. Miezi hiyo ni miaka miwili na miezi tisa, na kwa kuwa tisa imezidi sita, analipia miaka mitatu: pauni 3,105. Baadaye huongeza muda kwa miezi 30, akiwa tayari Uingereza, na kulipa pauni 2,587.50. Kabla ya kuomba ukaazi wa kudumu, ambao hauna tozo, ameshalipa pauni 5,692.50. Kwa bei yetu ya 4,800, hizo ni zaidi ya shilingi milioni 27, na ada za viza hazimo.

Familia ndiyo inayoumia zaidi. Mwalimu wa hisabati aliyeajiriwa Uingereza kwa miaka mitatu, akienda na mkewe na watoto wawili wadogo, anadaiwa pauni 6,210 kwa watu wazima na 4,656 kwa watoto. Jumla ni pauni 10,866, yaani zaidi ya shilingi milioni 52. Wapo waajiri wanaolipa sehemu au yote. Wasiolipa humwacha mwalimu achague kati ya kuuza kiwanja na kuacha watoto kwa bibi yao.

Muuguzi wa hospitali ya rufaa ya Mbale anayepata kazi NHS, kwa upande wake, hadaiwi tozo hii. Mei 2020, katikati ya janga la Uviko-19, waziri mkuu wa wakati huo, Boris Johnson, aliitetea tozo hiyo bungeni, na kesho yake akalegeza msimamo baada ya kulaumiwa kwamba anawatoza wauguzi walewale wanaookoa maisha. Viza ya wahudumu wa afya iliyoanza Agosti mwaka huo haina tozo, kwa mwenye viza na kwa wategemezi wake. Kikwazo chao ni kingine: Uganda imo kwenye orodha ya Shirika la Afya Duniani ya nchi zenye upungufu mkubwa wa wahudumu, kwa hiyo waajiri wa Uingereza hawaruhusiwi kuja kuwatafuta hapa. Anayeomba mwenyewe hakatazwi.

Msamaha wa tozo una mlango wa pili ambao Waganda wengi wanaupita bila kuuona. Kuna utaratibu, ulioanza Oktoba 2020, wa kurejesha tozo kwa mtu mwenye viza ya aina nyingine anayefanya kazi ya afya au ya kutunza wazee. Akifanya kazi hiyo kwa miezi sita, kwa wastani wa saa 16 au zaidi kwa wiki, anaweza kudai tozo ya miezi hiyo sita, kisha adai tena kwa sita inayofuata. Mhitimu wa Jinja anayefanya zamu kwenye nyumba ya wazee anaweza kuwa na mamia ya pauni zake zinazomngoja, lakini hazimfuati zenyewe mpaka azidai.

Ukurasa wa kulipia wenyewe una mitego yake. Unauliza aina ya viza, tarehe ya kuanza na ya kumaliza, na idadi ya wategemezi, kisha unatoa jumla na kudai kadi ya benki. Ukishalipa unapata namba inayoanza na herufi IHS, na bila namba hiyo maombi hayaendi. Aliyekosea aina ya viza akalipa pungufu huandikiwa barua pepe: aliye nje ya Uingereza ana siku 7 za kazi kukamilisha, aliye ndani ana siku 10. Barua ikiingia kwenye takataka za barua pepe, muda unapita na maombi yanatupwa. Muombaji wa Mbale kwa kawaida ameshapanda takisi kupitia Tirinyi, Iganga na Jinja hadi Kampala kupima kifua kikuu, na atairudia njia hiyohiyo kupeleka alama za vidole. Kupoteza yote hayo kwa sababu ya barua isiyosomwa ni hasara inayouma.

Viza ikikataliwa, tozo hurudishwa yote, kwa kawaida ndani ya wiki sita baada ya uamuzi. Hurudishwa kwenye kadi iliyolipia. Sentensi hiyo isomwe mara mbili na kila anayemtumia wakala au kadi ya mwenye kafe ya intaneti, kwa maana pesa zitarudi kwa mwenye kadi.

Serikali ya London inasema mgeni hajachangia hazina kwa miaka kama mwenyeji, na kwamba kiwango kinalingana na wastani wa gharama ya kumtibu. Lakini mgeni mwenye ajira analipa kodi ya mapato na michango ya bima ya taifa kutoka mshahara wake wa kwanza, na hizo ndizo zinazoiendesha NHS. Julai 2023, waziri mkuu wa wakati huo, Rishi Sunak, alipotangaza nyongeza ya mwisho, alisema wazi kwamba ingesaidia kugharimia nyongeza za mishahara ya watumishi wa umma. Hata aliyelipa tozo huko England bado hununua dawa kwa cheti cha daktari, pauni 9.90 kwa kila dawa. Wales dawa ni bure tangu 2007, jambo linalofaa kujulikana Mbale, mji wenye uhusiano wa miaka mingi na Pontypridd na mabonde yake.

Uganda yenyewe iliondoa ada kwenye vituo vya afya vya umma mwaka 2001, na muswada wa bima ya afya ya taifa uliopitishwa na Bunge Machi 2021 haukuwa sheria. Kwa vijana wengi wa Mbale na Jinja, basi, bili ya kwanza ya bima ya afya maishani mwao inatoka London, kwa pauni, na ya miaka ijayo. Kudai mchango wa matibabu si dhuluma. Kuudai wote kwa mkupuo, kwa watu walio mwanzoni kabisa mwa kipato chao, ni dhuluma, na wabunge wa Uingereza wanaweza kuirekebisha kwa kuruhusu malipo ya mwaka kwa mwaka. Mpaka hapo, wewe unayejiandaa kwa Septemba, andika tarehe mbili za kozi, ongeza mwezi mmoja kabla na miezi minne baada, uhesabu kwanza kwenye karatasi, kisha ulipe kwa kadi yenye jina lako.