Kifungua Kinywa cha Mama Saa Tisa Usiku

Je, umewahi kumsindikiza mzazi wako katika safari ya ndege, yeye akiwa hajawahi kupanda hata mara moja? Sisi ndugu wawili, mabinti wa mama mmoja na wote tukiwa na nyumba zetu, tulimpeleka mama yetu India kutibiwa macho. Ana kisukari cha miaka mingi, na kisukari kilikuwa kimemla macho taratibu mpaka akawa anatutambua kwa sauti. Mengi ya safari ile tutayapita haraka. Tunataka kukueleza, mama mwenzetu, habari za saa mbili tulizokaa katika launji ya uwanja wa ndege kabla ya alfajiri, kwa sababu hapo ndipo tulipokaribia kumpoteza, na kosa lilikuwa letu.

Ndege yetu ilikuwa ya saa 11 na dakika kumi alfajiri. Abiria wa ndege za nje hutakiwa kufika saa tatu kabla, na mwenye mgonjwa afadhali azidishe kidogo. Basi tuliondoka nyumbani Tabata saa saba usiku, Mama akiwa kiti cha nyuma na khanga yake mpya, kikapu cha dawa mapajani. Barabara ya Nyerere usiku ule ilikuwa nyeupe. Mwendo ambao mchana hutuchosha kwa foleni tuliumaliza kabla Mama hajamaliza kutuuliza kama tumefunga mlango wa jikoni.

Ndege za kimataifa hapo Dar es Salaam huondokea Jengo la Tatu la Abiria katika Uwanja wa Julius Nyerere, lililofunguliwa mwaka 2019. Wanaokumbuka siku za zamani, tulipokuwa tukisongamana katika Jengo la Pili lililojengwa miaka ya themanini, wataona ni kama nchi nyingine. Lakini ukubwa nao una gharama yake kwa mwenye magoti mabovu. Kwa bahati tulikuwa tumeomba kiti cha magurudumu siku ile ile ya kukata tiketi. Huduma hiyo hailipiwi, ila lazima uiombe mapema, siku mbili kabla au zaidi. Usingoje kuiomba mlangoni.

Kwenye ukaguzi tulipita salama. Kila kitu cha majimaji kwenye mkoba wa mkononi kisizidi mililita 100 kwa chupa, sheria iliyoenea duniani tangu mwaka 2006, lakini dawa za mgonjwa huruhusiwa. Tulikuwa na barua ya daktari iliyotaja insulini na sindano zake. Dawa hiyo hatukuiweka katika sanduku kubwa linaloingia tumboni mwa ndege, kwa maana huko baridi yaweza kuigandisha, na insulini iliyoganda haifai tena hata ikiyeyuka. Tuliigawa mafungu mawili katika mikoba miwili, ili mmoja ukipotea tusiangamie. Juisi ya Mama ya dharura tuliiacha hapo kwenye ukaguzi kwa sababu chupa ilizidi kipimo. Tuliona si kitu. Ndani kuna launji, tukasema, juisi zipo tele.

Mahali pa wakubwa

Hapa pana haja ya kueleza launji ni nini, maana wengi wetu tumekuwa tukipita mlango wake tukidhani ni ofisi ya serikali. Ni ukumbi wa mapumziko wa abiria, ndani ya uwanja, uliotengwa na ule wa watu wote. Jambo hili lilianza Marekani mwaka 1939, pale shirika la American Airlines lilipofungua ukumbi wake katika uwanja wa LaGuardia mjini New York, na siku hizo waliingia walioalikwa tu. Siku hizi milango imepanuka. Huingia mwenye tiketi ya daraja la juu, mwenye kadi ya shirika kwa kusafiri mara kwa mara, mwenye kadi fulani za benki, na katika viwanja vingi hata mtu yeyote anayelipa mlangoni. Ukishaingia, chakula na vinywaji haviulizwi bei. Kuna viti laini, vyoo safi, mahali pa kuchaji simu, pengine na bafu. Pana na rafu ya pombe kali kando, lakini hakuna anayekulazimisha kuikaribia.

Sisi tuliingia kwa kadi ya benki ya mume wa dada mkubwa kati yetu. Na hapo lazima tuseme ukweli wa nyumbani, maana bila huo kisa hiki hakieleweki. Shemeji huyu alikuwa amebeba sehemu kubwa ya gharama za safari. Mama alikuwa amekaa kwake miezi mitatu akihudhuria kliniki, na kwa malezi yake Mama, kukaa kwa mkwe na kula mezani pake ni jambo la aibu. Kwao mama mkwe haonani ovyo na mume wa binti yake, sembuse kumtwisha mizigo. Alikuwa akila kidogo nyumbani humo, akisema ameshiba. Tulilijua hilo. Tulilichukulia kuwa ni adabu za wazee, tukacheka.

Shemeji ndiye aliyesisitiza tuingie launji. "Mama asikae kwenye viti vya chuma usiku kucha," alisema. Dada akamnong'oneza kwamba fedha zimetosha, asiongeze gharama. Walizungumza hayo kwenye korido, nusu mlango wazi. Mzee asiyeona vizuri masikio yake huwa macho.

Sahani iliyofunikwa

Tuliingia saa tisa kasoro. Mama alipapasa mkono wa kiti, akauliza kwa sauti ya chini, "Hapa ni kwa nani?" Tukamjibu, "Ni mahali pazuri, Mama, wewe pumzika." Tazama jibu hilo. Halikumwambia kitu.

Daktari wake alikuwa ametupangia saa za dawa. India wako mbele yetu kwa saa mbili na nusu, kwa hiyo saa tisa na nusu usiku kwetu ni saa kumi na mbili asubuhi kwao. Alitaka Mama aanze kufuata saa za huko siku hiyo hiyo. Achome sindano yake ya asubuhi hapo uwanjani, na achome chakula kikiwa mbele yake. (Mpango huo ulikuwa wa Mama. Wewe mwenye mgonjwa wa sukari muulize daktari wako kabla ya safari ndefu, usichukue wa jirani.)

Tulimletea sahani: mayai, mkate wa siagi, viazi, kipande cha papai, na chai isiyo na sukari. Akachoma sindano kwa ustadi wake wa miaka. Tukamwona ameshika uma. Hapo mmoja wetu akaenda kunawa uso, mwingine akaenda kutazama ubao wa safari, kisha tukarudi tukakaa viti vya upande wa pili ili Mama anyooshe miguu. "Umekula, Mama?" "Nimekula, wanangu." Sahani ilikuwa imefunikwa kitambaa cha karatasi, kama mtu aliyemaliza. Baridi ya viyoyozi, kiti laini, kuchoka kwa kufungasha siku tatu. Usingizi ukatuchukua wote wawili.

Aliyetuamsha ni dada wa mapokezi. Alikuwa amepita akaona mzee anatokwa jasho katika chumba ambacho wengine wote wamejifunika makoti. Ilikuwa saa kumi na dakika kumi. Mama alikuwa anatetemeka mikono, midomo imempauka, na alipotusikia alimwita mmoja wetu kwa jina la shangazi yetu aliyekwisha kufariki. Tulifunua kile kitambaa. Chakula kilikuwa kama tulivyokipanga, hata papai halijaguswa.

Mama mwenzetu, kama nyumbani kwako kuna mtu anayechoma insulini, uzijue dalili hizi kama unavyojua za homa ya mtoto: jasho bila joto, kutetemeka, moyo kwenda mbio, njaa ya ghafla, maneno kuchanganyika, wakati mwingine ukali usio wa kawaida. Dawa imeshusha sukari, na hakuna chakula cha kuipokea. Kimashine chetu kilionyesha 3.1, na chini ya 4 huwa ni kushuka. Asiposaidiwa haraka anaweza kupoteza fahamu, na aliyepoteza fahamu hanyweshwi kitu, hupelekwa kwa daktari mbio.

Mama alikuwa bado anaweza kumeza. Tulimpa nusu glasi ya juisi ya machungwa, ile yenye sukari yake. Kama huna juisi, vijiko vitatu au vinne vya chai vya sukari katika maji vinafaa. Chokoleti, ambayo wengi huikimbilia, huchelewa kwa sababu ya mafuta yake. Kisha unangoja dakika kumi na tano na kupima tena.

Dakika kumi na tano hizo hatutazisahau. Hatukuwa tumejua kwamba katika launji hiyo, kama zilivyo nyingi, safari hazitangazwi kwa kipaza sauti ili watu wapumzike. Unatazama ubao mwenyewe. Ubao sasa ulionyesha kwamba abiria wa ndege yetu wameanza kupanda. Tukatazamana. Tiketi zile zilikuwa za fedha ya kukopa, na miadi ya hospitali ilikuwa kesho yake. Lakini nani angembeba mzee katika hali ile akampandishe ndege? Tukakubaliana bila maneno kwamba ndege ikiondoka na iondoke. Dada wa mapokezi, tunamwombea baraka popote alipo, alipiga simu mlango wa kupandia akawaeleza, akaita na mwenye kiti cha magurudumu.

Tulipopima tena ilikuwa 4.6. Mama alifungua macho akauliza mbona tunalia.

"Mama, kwa nini hukula?"

Alikaa kimya kidogo. Kisha akasema, "Sahani moja mahali kama hapa ni bei gani? Nilisikia mnazungumza kwenye korido. Mtoto wa watu amekopa kwa ajili ya macho yangu. Nikasema kama sijaigusa, watairudisha, hatatozwa."

Hatukuwa na la kusema. Hakuona maandishi ukutani yanayosema kila mtu ajihudumie, na sisi wenye macho mazima hatukumsomea. Tunawasomea watoto wetu kila kibao barabarani, hata matangazo ya sabuni. Mama yetu tulimwambia "pumzika" tu. Na tulijua tangu miezi mitatu kwamba anakula nusu tumbo kwa heshima ya mkwe wake. Hakuna aliyekaa naye kitako kumwambia kwamba mkwe huyo huulizia kila jioni kama Mama amekula, na kwamba kinachomuumiza ni ile sahani inayorudi jikoni na wali.

Dada alimweleza hapo hapo, huku akimlisha mkate kama mtoto. Akampigia na mumewe simu, saa kumi na nusu za usiku. Shemeji aliyekuwa usingizini aliposikia, alisema, "Mpeni simu Mama." Hatukusikia alichomwambia. Tulimsikia Mama tu akiitika, "Ndiyo, baba. Ndiyo. Nitakula, baba." Akamaliza mkate wote na mayai.

Tulikuwa abiria wa mwisho kupanda. Watu walitutazama kwa yale macho ya kulaumu wanaochelewa, nasi tukayapokea.

Matibabu yalichukua muda kuliko tulivyopanga. Baada ya kumpasua jicho la kulia daktari alijaza ndani yake kiputo cha gesi cha kushikilia sehemu ya nyuma ya jicho, na mwenye gesi hiyo haruhusiwi kupanda ndege mpaka iishe, kwa sababu angani hutanuka na yaweza kuliua jicho. Ikabidi tungoje wiki kadhaa zaidi, Mama amelala kifudifudi kama alivyoagizwa, sisi tukipika ugali kwa unga tuliouhangaikia.

Wakati wa kurudi tulibadilisha ndege katika mji mmoja wa Ghuba, tena alfajiri, na kadi ile ile ikatuingiza launji nyingine. Safari hii tulimpitisha Mama meza hadi meza, tukimtajia kila kilichopo na kumwambia, "Hiki hakiulizwi bei, na hiki, na hiki." Jicho la kulia lilikuwa limeanza kuona rangi. Alichukua sahani mwenyewe, akapakua mwenyewe, akala kwanza tunamwona, ndipo tukatulia.

Tulipoinuka kwenda kwenye ndege tukaona pindo la khanga yake limefungwa fundo nono. Tukamwambia, Mama, humu watu hula humu humu, hawachukui. Akalishika fundo lake kwa mikono miwili.

"Haya ni maandazi mawili tu," alisema. "Ni ya mkwe wangu."

Tulitangulia mlangoni, yeye akifuata, na hakuna aliyemuuliza.