Mapigo ya mkono yakipotea: ugonjwa wa Takayasu na matibabu yake

Je, mkono wako unachoka na kuuma unapofua au kusuka nywele, kisha maumivu yanaisha ukipumzika? Je, presha ya mkono mmoja iko chini sana kuliko ya mwingine? Mwambie mhudumu wa kituo cha afya, naye apime mikono yote miwili.

Sababu mojawapo, ingawa ni nadra, ni ugonjwa wa Takayasu, uliopewa jina la Mikito Takayasu, daktari wa macho wa Japani aliyeueleza mwaka 1908. Kinga ya mwili hushambulia aota, yaani mshipa mkubwa wa damu unaotoka moyoni, pamoja na matawi yake. Kuta za mishipa huvimba, huwa nene, na njia ya damu hubana. Wengi wanaoupata ni wanawake wenye umri chini ya miaka 40. Hauambukizi, wala si kurogwa, hata kama jirani atasema hivyo.

Matibabu huanza kwa kutuliza uvimbe, kwa kawaida kwa prednisoloni. Dozi huwa kubwa mwanzoni, kisha daktari huipunguza polepole kwa miezi mingi. Usiiache ghafla, hata ukijisikia mzima. Mwili uliozoea dawa hii hupunguza kutengeneza homoni yake yenyewe, na kuikatiza kunaweza kuhatarisha maisha. Kwa hiyo ukipangiwa kuhamishwa au kurudi nyumbani, nenda kliniki mapema uombe dawa za kutosha za safari na barua ya matibabu.

Wengine huongezewa methotreksati. Vidonge hivi kwa ugonjwa huu humezwa mara moja kwa wiki, si kila siku, na ni hatari kwa mimba. Dawa zote mbili hushusha kinga, hivyo mweleze daktari ikiwa umewahi kuugua kifua kikuu.

Vipi kuhusu upasuaji? Si kila mshipa uliobana hufunguliwa, kwani mara nyingi mishipa midogo ya pembeni hupanuka na kupitisha damu. Ikihitajika, hospitali kubwa hutumia puto au huunganisha njia mpya ya damu. Inapowezekana, madaktari husubiri uvimbe utulie kwanza, la sivyo mshipa hubana tena kwa urahisi.

Ukipooza upande mmoja, ukipoteza uwezo wa kuona ghafla au ukibanwa na kifua, usingoje siku ya kliniki. Nenda kituoni saa hiyo hiyo, hata usiku, ukiwa na dawa zako mkononi.