Gari Kuukuu, Jina Zuri na Kilichofichwa Chini ya Rangi

Katika mambo yapendwayo na vijana wa zama hizi ni kutafuta magari ya zamani, kuyafufua, kisha kuyapa majina ya kupanga. Wako wanaolicheka jambo hili. Sisi hatuoni la kucheka. Bwana Mtume (S.A.W.) alikuwa na ngamia jike aliyeitwa Qaswaa, na nyumbu aliyeitwa Duldul. Lakini katika mapenzi haya mna mafundisho mawili yatupasayo kuyazingatia.

Natutwae mfano wa gari moja mashuhuri, Mercedes-Benz 230 SL, lililodhihirishwa Geneva mwaka 1963. Lina paa la turubai la kukunja, na paa jingine gumu la kuvika na kuvua. Paa hilo gumu limebonyea katikati na kuinuka pembeni, ili madirisha yawe marefu na kuingia kuwe rahisi. Watu wakaliona lafanana na paa za mahekalu ya Mashariki ya mbali, wakaliita "Pagoda". Mwaka 1971 magari ya namna hii yalikoma kutengenezwa, yakiwa yametoka 48,912. Na jina lile la vinywani halikukoma hata leo.

Ikiwa jina la chuma hung'ang'ania hivyo, la mwanadamu je? Sura ya Al-Hujurat imetukataza kuitana kwa majina ya kudharauliana. Kijana aliteuliaye gari lake jina zuri, kisha akamwita nduguye "Kengeza", amelitukuza gari kuliko mtu.

La pili ni zito zaidi. Adui mkubwa wa gari hili ni kutu. Boneti, buti na ngozi za milango ni za alumini, lakini mwili uliobakia ni wa chuma, nao huanza kuliwa chini: sakafuni, na katika mihimili iliyo chini ya milango, ambamo maji hutuama. Fundi mwaminifu hukata chuma kilichooza akachomelea kipya. Fundi mdanganyifu huziba kwa pati, akapaka rangi, gari liking'ara kama bibi-arusi. Sumaku humfichua: penye chuma hushika, penye pati nene huanguka. Na mihimili hiyo ndiyo nguvu ya gari. Ikiwa imeoza, aliyemo hana ngao siku ya ajali.

Bwana Mtume (S.A.W.) alipopita sokoni alitia mkono wake katika lundo la chakula, akakuta umaji uliofichwa chini. Alimkanya mwenye mali, na akajitenga na kila mdanganyifu. Baina ya lundo lile na gari lililozibwa kwa pati hatuoni tofauti.

Basi enyi vijana wetu, fufueni magari kwa kadiri ya mali zenu, bila ya israfu wala majivuno. Yapeni majina mema. Na siku ya kuuza, mwonyesheni mnunuzi chini ya gari kabla hajaiona rangi. Mwenyezi Mungu atujaalie ndani yetu pawe pema kuliko nje yetu. Amin.