Mkungu ukae wapi? Fizikia ya mzigo kwenye baiskeli

Ukiwa Muhutwe, pale barabara ya Kamachumu inapoachana na ile kubwa ya Bukoba–Muleba, acha kuangalia malori, angalia baiskeli. Kuna iliyobeba mikungu ya ndizi, kuna yenye gunia la kahawa, kuna ya madumu ya lubisi, na kuna ya nyasi ambayo mwenyewe haonekani kabisa, unaona tu fungu la nyasi linatembea. Baadhi zinakwenda zimenyooka kama ziko kwenye reli. Nyingine usukani unacheza mkononi mwa mwenyewe kama samaki aliyetoka kuvuliwa. Mara nyingi tofauti yake si kilo. Ni mahali kilo zilipowekwa.

Na hili si suala la kujifurahisha na hesabu tu. Ndizi ikichubuka bei inashuka, na baiskeli ikiyumba nusu mita kwenye lami ambayo basi linapita, hapo hatuzungumzii bei tena.

Kwanza, baiskeli inasimamaje? Haisimami kwa sababu umeishikilia. Inasimama kwa sababu ikianza kuangukia kulia, usukani nao unakata kulia kidogo, magurudumu yanakwenda chini ya uzito unaoanguka, na mambo yanakaa sawa. Hilo linatokea mara nyingi sana bila wewe kujua. Mwaka 1970 Mwingereza David Jones, ambaye kwa fani alikuwa mkemia, alijaribu kwa makusudi kutengeneza baiskeli isiyoendesheka ili ajue siri iko wapi. Aliona kwamba kuzunguka kwa magurudumu si jibu lote. Kilichokuwa na nguvu sana ni pembe ya uma wa mbele: tairi inagusa ardhi nyuma kidogo ya pale ambapo mstari wa usukani ungegusa, hivyo tairi inafuata kama vile vigurudumu vya kitoroli vinavyojipanga vyenyewe. Mwaka 2011 watafiti wa Uholanzi na Marekani walionyesha kwamba hata hiyo si lazima, kwani uzito wenyewe ulivyogawanywa unaweza kuiweka baiskeli wima. Kwa Phoenix yako ya kawaida, kumbuka hili: tairi ya mbele inajipanga kwa sababu inakandamizwa chini. Ukiiondolea uzito, inaacha kujipanga.

Sasa tuhesabu. Tuseme baiskeli ina kilo 20, wewe una 65, na kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma ni sentimita 115. Ukikaa juu, tairi ya mbele inabeba kama kilo 30, nyingine zote ziko nyuma. Funga mikungu miwili mikubwa, jumla kilo 60. Ikiwa katikati ya mzigo iko sentimita 10 nyuma ya ekseli ya nyuma, mzigo unafanya kazi kama ubao wa bembea: unanyanyua mbele kwa 60 × 10 ÷ 115, yaani kilo 5 hivi. Mbele zinabaki 25. Vizuri tu. Lakini watu wengi wanaacha nafasi ya kukaa, halafu mzigo unasogea hadi mwisho wa keria, sentimita 35 nyuma ya ekseli. Hapo zinanyanyuliwa kilo 18, mbele zinabaki 12. Kilo ni zilezile 60, hujaongeza hata ndizi moja, ila usukani umekuwa mwepesi kupita kiasi.

Halafu kuna mlima. Kwenye mwinuko wa asilimia 10 (unapanda mita 1 kwa kila mita 10), uzito unarudi nyuma zaidi kwa sababu mzigo na wewe mko juu. Kwa vipimo vyetu hivi ni kama kilo 12 nyingine. Kumi na mbili toa kumi na mbili. Umeelewa sasa kwa nini baiskeli inanyanyua pua kama farasi?

Utaniambia mlimani mtu hapandi, anasukuma. Kweli, na hapo ndipo panapouma. Ukishuka, zile kilo zako 65 hazipo tena. Baiskeli peke yake inaweka mbele kama kilo 9, na mzigo wa mwisho wa keria unanyanyua 18. Pua inainuka hata mahali tambarare! Kwa hiyo anayesukuma kwenda Kamachumu anafanya kazi mbili: anasukuma mbele na anakandamiza usukani chini, mlima mzima. Mzigo ukisogezwa sentimita 25 tu mbele, ile kazi ya pili karibu yote inakwisha. Kama husafiri umekaa, sogeza mzigo hadi juu ya tandiko kabisa. Gunia lililolazwa kwenye fremu, kati ya tandiko na usukani, ndilo linalosukumika kwa raha kuliko yote.

Kimo nacho kina habari yake, na hapa kuna jambo ambalo wengi hawalitegemei. Ukiwa unasukuma au unakwenda polepole, mzigo wa juu ni adui. Kilo 60 zilizoko mita 1 kutoka ardhini, baiskeli ikilala nyuzi 5 tu, zinakuvuta pembeni kwa nguvu ya kama kilo 5 mkononi. Zishushe hadi nusu mita, nguvu hiyo inapungua nusu. Ndiyo maana mikungu inayoning'inia ubavuni mwa gurudumu la nyuma, mmoja huku na mmoja kule, inasukumika vizuri kuliko ileile iliyopangwa juu ya keria. Lakini ukiwa kwenye mwendo, kitu kirefu kinaanguka polepole kuliko kifupi. We jaribu kusimamisha fimbo ndefu kwenye kiganja, kisha jaribu kalamu. Kwa hiyo anayepita mbio na mzigo mrefu bila kutetereka hana uchawi. Shida inamngoja atakaposimama.

Ubavuni, pande zote mbili ziwe sawa. Kilo 30 kushoto na 22 kulia, baiskeli itakwenda, lakini utaiendesha imelala upande mmoja njia nzima, na kila shimo litakukumbusha.

Kinachoharibu zaidi ni mzigo unaocheza. Mkungu ukifungwa kwa kamba iliyolegea unachelewa: baiskeli inakwenda kulia, mkungu unafuata baadaye kidogo, na unapofika kulia wewe umesharudi kushoto. Kila mmoja anamsukuma mwenzake, na mayumbo yanakua. Mipira ya tyubu kuukuu inafunga vizuri kwa sababu inaendelea kubana hata mzigo ukikaa. Ila zungusha mingi na uivute hasa, mmoja peke yake ni springi tu. Dumu la lubisi nalo lijazwe hadi juu au liachwe nyumbani. Lita 20 zilizojaa ni kilo 20 zilizotulia, lakini lita 12 ndani ya dumu la 20 zinatembea zenyewe kila unapofunga breki.

Mambo haya si ya Kagera peke yake. Goma, ng'ambo ya Rwanda, wana chukudu, baiskeli ya mbao isiyo na pedali, ubao wake uko chini karibu na magurudumu, na inabeba mamia ya kilo. Vietnam, mwaka 1954, wabebaji walisukuma baiskeli zenye zaidi ya kilo 200 kwenda Dien Bien Phu. Mizigo ilining'inizwa chini ubavuni mwa fremu, na kijiti kilifungwa kwenye usukani ili anayesukuma atembee pembeni huku akiuongoza. Kijiti hicho ni wenzo: ukiwa mrefu mara mbili, nguvu inayohitajika ni nusu.

Bado kuna kushuka. Wewe, baiskeli na mzigo ni kilo 145, na kila mita 100 za kimo mnazoshuka zinatoa nishati ya kuchemsha karibu nusu lita ya maji. Ukishuka kwa mwendo wa pole, karibu yote inaishia kwenye vipande vinne vya mpira vinavyobana ringi. Na Bukoba inapata mvua ya karibu milimita 2,000 kwa mwaka, wakati ringi ya chuma ikilowa breki inashika kwa shida sana. Basi bana mapema, kabla ya mteremko kukushika, mizunguko ya kwanza ya gurudumu ikaushe ringi. Anza na ya nyuma, kwa kuwa uzito uko huko na tairi haitateleza kirahisi. Na kabla hujaondoka nyumbani, shika usukani unyanyue kidogo. Gurudumu la mbele likija bila ubishi, fungua mipira, sogeza mzigo.