KUKU WAWE NA BANDA LAO, MTOTO AWE NA UWANJA WAKE

Huenda mwaka huu umeamua kufuga kuku kwa mara ya kwanza. Umefanya vema. Kuku hahitaji shamba kubwa. Kuku wa kienyeji hutaga mayai 10 hadi 15 hivi, kisha huatamia. Baada ya siku 21 vifaranga hutoka. Mayai na nyama ya kuku hujenga mwili wa mtoto. Na siku ya shida, jogoo mmoja sokoni huleta fedha ya chumvi, sabuni na daftari.

Lakini kuku wakifugwa ovyo huleta maradhi nyumbani. Leo tutaeleza namna ya kuwatengenezea kuku mahali pao, ili wao wawe salama na watoto wako pia wawe salama.

KINYESI CHA KUKU NA MTOTO ANAYETAMBAA

Tazama nyumba nyingi asubuhi. Mlango ukifunguliwa, kuku ndio wa kwanza kutoka. Wamelala jikoni, au chini ya kitanda. Sakafuni pamejaa kinyesi. Mama hufagia, lakini ufagio hauondoi vijidudu. Vijidudu ni vidogo mno, havionekani kwa macho.

Kisha mtoto huwekwa chini pale pale. Mtoto wa miezi 8 hutambaa. Hushika kila kitu, na kila anachoshika hukitia mdomoni. Yeye hajui kinyesi ni nini. Vijidudu vikiingia tumboni mwake, huharisha. Mtoto anayeharisha mara kwa mara hukonda na hachangamki. Chakula anachokula hakimnufaishi sawasawa.

Mwaka 2016 wataalamu walitangaza matokeo ya uchunguzi uliofanywa vijijini Ethiopia. Waliona jambo la kufikirisha. Katika kaya zenye kuku, watoto walielekea kuwa na kimo kizuri zaidi kuliko watoto wa kaya zisizo na kuku. Lakini pale kuku walipolazwa ndani ya nyumba ya watu, faida hiyo ilipotea.

Maana yake nini? Kufuga kuku ni kuzuri. Ubaya ni kulala nao.

Mwaka 1973 wananchi wa Tanzania walisoma na kufanya kazi pamoja katika kampeni ya Mtu ni Afya. Walichimba vyoo, ili kinyesi cha watu kiwe mbali na chakula na maji. Kazi ya banda la kuku ni hiyo hiyo. Inaweka kinyesi cha kuku mbali na mtoto.

CHAGUA MAHALI

Watu wengi hulala na kuku kwa sababu wanaogopa wezi na kicheche. Hofu hiyo ni ya kweli. Kwa hiyo usijenge banda mbali sana. Hatua 15 hivi toka nyumbani zatosha. Kuku wakipiga kelele usiku utawasikia, na kinyesi chao hakitafika mlangoni.

Chagua mahali palipoinuka kidogo, maji ya mvua yasituame. Banda liwe upande ambao upepo hautaleta vumbi na harufu jikoni. Lisiwe karibu na kisima. Liwe hatua 40 au zaidi toka kisimani, na liwe chini ya kisima kama ardhi ina mteremko.

JENGA BANDA

Kwa kuku 10 na jogoo mmoja, banda la hatua 3 kwa hatua 2 linatosha. Vifaa viko kijijini: nguzo, fito, udongo, kamba na nyasi. Fanya hivi:

1. Simamisha nguzo imara. Inua sakafu ya banda ifike kimo cha goti au zaidi. Kila nguzo ivishe kipande cha bati chini ya sakafu, kama kofia, ili panya na nyoka wasipande.

2. Sakafu iwe ya fito zilizonyooka. Acha nafasi ndogo ya upana wa kidole kati ya fito na fito. Kinyesi kitaanguka chini, nawe utakifagia kwa urahisi. Vifaranga watandikie mkeka mkuukuu, miguu yao isinase.

3. Kuta ziwe za fito na udongo upande wa chini. Upande wa juu weka fito zilizobanana au wavu, ili hewa ipite. Banda lisilo na hewa huleta mafua ya kuku.

4. Ncha mbili za banda zielekee mawio na machweo. Hivyo jua kali halitaingia moja kwa moja. Ezeka vizuri, mvua isivuje.

5. Ndani weka fito nene za kulalia, kwa sababu kuku hupenda kulala juu. Weka viota vitatu vyenye majani makavu, mahali penye giza kidogo.

6. Mlango uwe na kufuli. Hesabu kuku kila jioni, kisha funga.

ZUNGUSHIA UWANJA

Kuku wanahitaji kutembea, kuchakura na kuota jua. Mbele ya banda zungushia uwanja wa hatua 6 kwa hatua 6. Kama unaweza kununua wavu, ni vizuri. Kama huwezi, tumia fito au matete yaliyobanana.

Nguchiro huchimba chini ya ua. Kwa hiyo chimba mfereji wenye kina cha shubiri moja, simamisha fito humo, kisha fukia na kushindilia. Ua uwe mrefu kupita kimo cha mtu. Kuku wanaoruka, wakate manyoya marefu ya bawa moja tu. Hawaumii, ni kama kukata kucha. Lakini usikate manyoya machanga, maana yana damu.

Mwewe huja toka juu. Vifaranga wafunike kwa tenga pamoja na mama yao, au ezeka sehemu ya uwanja kwa nyasi. Kivuli hicho kitawafaa pia wakati wa jua kali. Katika kona moja weka mchanga mkavu uliochanganywa na majivu. Kuku wataoga humo, na utitiri na chawa watapungua.

CHAKULA NA MAJI

Kuku aliyefungiwa hawezi kujitafutia. Ukimfungia bila chakula, umemfunga gerezani. Wape pumba za mahindi, majani ya mboga, mchwa, na dagaa waliotwangwa. Maganda ya mayai yaliyochemshwa na kusagwa hufanya yai liwe na ganda gumu. Usiwape mahindi yaliyoota ukungu. Yana sumu.

Kama chakula ni kidogo, wafungulie kuku saa chache jioni, upande wa shamba lisilo na mbegu changa. Giza likikaribia watarudi wenyewe bandani. Ila wasiingie nyumbani, wala pale anapocheza mtoto.

Kuku 10 hunywa lita 2 hadi 3 za maji kwa siku, na zaidi wakati wa joto. Osha chombo kila siku. Kiinue kidogo juu ya matofali, kuku wasikichafue.

USAFI WA KILA WIKI

Fagia chini ya banda angalau mara mbili kwa wiki. Usikitupe kinyesi, ni mbolea. Kirundike shimoni pamoja na majani makavu, mbali na kisima, ukifunike. Kiache kioze miezi mitatu au zaidi. Kisha kitie bustanini. Usiweke kinyesi kibichi kwenye mboga zinazoliwa bila kupikwa.

JIHADHARI NA MDONDO

Mdondo, au kideri, huua kuku wengi kuliko mwizi. Kuku huzubaa, huharisha kijani, wengine hupinda shingo. Kwa siku chache banda huwa tupu. Ugonjwa huu hauna dawa, lakini una chanjo. Chanjo inayotumika sana vijijini hutiwa tone moja katika jicho moja. Hurudiwa kila baada ya miezi 3 au kama mtaalamu atakavyoeleza. Chanja kuku wazima tu. Aliyekwisha kuugua haponi kwa chanjo.

Ongea na majirani mchanje siku moja, kisha mwite Bwana Mifugo. Ukinunua kuku mgeni, mtenge siku 14 kabla ya kumchanganya na wenzake.

Kuku aliyekufa kwa ugonjwa asiliwe, asiuzwe, asitupwe mtoni. Mchome moto au mfukie chini sana. Wakifa wengi kwa ghafla, mwarifu Bwana Mifugo siku hiyo hiyo.

MIKONO NA MKEKA

Kila ukigusa kuku, mayai au kinyesi, nawa mikono kwa maji na sabuni. Kama sabuni hakuna, tumia majivu. Nawa tena kabla ya kupika na kabla ya kumlisha mtoto. Yai la mtoto lipikwe mpaka kiini kigande.

Mtoto naye mpatie uwanja wake. Fagia mahali pamoja, tandika mkeka safi, zuia kuku wasipite. Akiharisha, mpe maji yenye dawa ya chumvi na sukari inayotolewa zahanati, na uendelee kumnyonyesha. Ukiona damu katika choo chake, au macho yameingia ndani, usingoje kesho. Mpeleke zahanati.

Ndugu msomaji, banda hili ni kazi ya siku tatu au nne kwa watu wawili. Wakisaidiana majirani watano, wiki chache zinatosha kila mmoja kuwa na banda. Anza na kuku wachache. Jenga kwanza, nunua kuku baadaye.

MASWALI YA KUJADILI

1. Kuku wa nyumbani kwako wanalala wapi? Mtoto mdogo anacheza wapi?
2. Kwa nini kufagia peke yake hakutoshi?
3. Kijijini kwenu kuna vifaa gani vya kujengea banda bila kutumia fedha?
4. Nani atawaita majirani ili kuku wote wachanjwe siku moja?